Torki konvata ya 3,500 haimfai msomaji wenu wa Houston

Ndugu Mhariri,

Kwenye ukurasa wenu wa magari, msomaji anayeishi Houston, Texas, aliuliza anunue torki konvata gani, yaani kile kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi, kwa Chevrolet Chevelle yake ya mwaka 1970. Alieleza kwamba ana injini ya 350 (ukubwa wake kwa inchi za ujazo) ambayo kamshafti yake, ile shafti inayofungua vali, haijaguswa, gia boksi ni Turbo-Hydramatic 350, oili nyekundu inadondoka chini, na gari limekuwa zito linapoondoka. Mkamjibu kwa mistari mitatu: achukue yenye stoli ya 3,500 (mizunguko ya injini kwa dakika; stoli yenyewe nitaieleza chini), kwa kuwa stoli ikiwa juu gari linachomoka zaidi.

Jibu hilo litampotezea pesa, na huenda likaiunguza gia boksi ambayo bado ni nzima. Naandika nikiomba mlisahihishe kabla hajaagiza. Wapo na Waswahili wengine huku Marekani wenye magari ya namna hiyo. Baadhi yao huja gerejini kwetu na gazeti lenu mkononi, na mnachoandika wanakifuata.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Ufundi nilianzia chini ya malori ya mkonge, na sasa kazi yangu ni gia boksi za otomatiki hapa Columbus, Ohio, hasa za magari ya Marekani ya miaka ya 1964 hadi 1972: TorqueFlite za Chrysler, Turbo-Hydramatic za General Motors, C4 na C6 za Ford. Nina vijana wawili wanaojifunza kazi, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Bukavu. Yeyote anayeanza kwetu namkalisha kwanza mezani, mbele ya torki konvata niliyoikata katikati kwa msumeno, na hatoki hapo mpaka anieleze kwa maneno yake mwenyewe oili inaingia wapi, inatokea wapi na inarudi vipi. Msomaji wenu naye anastahili maelezo hayo, kwa sababu bila hayo ile namba 3,500 haina maana yoyote.

Ndani ya ganda mna vitu vitatu vyenye mapanga. Impela imeungana na ganda lenyewe, na ganda limefungwa kwa bolti nyuma ya injini. Injini ikizunguka, impela inazunguka na kurusha oili. Tabini imevaa shafti inayoingia gia boksi. Oili inayorushwa inaipiga na kuizungusha. Hakuna chuma kinachoziunganisha hizo mbili, ni oili peke yake, ndiyo maana unaweza kusimama kwenye taa gia ikiwa D na injini isizimike. Katikati yao imekaa steta. Ni ndogo, na watu wengi hawajui kama ipo, lakini bila yenyewe tungekuwa na kiungo cha oili tu kisichoongeza chochote, kama kile kilichokuwa kwenye Hydramatic za kwanza za Oldsmobile za mwaka 1940. Oili ikitoka kwenye tabini inarudi ikielekea kinyume cha impela. Steta inaikamata na kuigeuza, ili irudi ikiisukuma impela kule inakokwenda badala ya kuipinga. Kwa njia hiyo, gari linapong'oka, nguvu ya kuzungusha inayoingia kwenye gia boksi hufika karibu mara mbili ya ile iliyotoka kwenye injini. Mwendo wa tabini ukiukaribia ule wa impela, nyongeza hiyo inaisha, na steta inaachia na kuzunguka pamoja na wenzake.

Steta inaweza kushika na kuachia kwa sababu imekalia klachi ndogo inayozunguka upande mmoja tu. Na hapa ndipo jibu lenu lilipompotosha ndugu yetu zaidi. Klachi hiyo ikifa, ikawa inazunguka pande zote mbili, nyongeza ya nguvu hupotea. Gari linakuwa zito kuondoka, linapanda kilima kwa taabu, lakini likishachanganya kwenye barabara kuu linakwenda kama kawaida. Je, hiyo si ndiyo hali aliyoieleza? Hakulalamika kwamba Chevelle ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Alisema "limekuwa" zito. Gari lililokuwa linavuta vizuri na torki konvata yake ya kiwandani halikupoteza mvuto kwa sababu stoli yake ni ndogo. Kuna kitu kimeharibika, na kazi ya kwanza ni kukijua.

Kuna kipimo anachoweza kujifanyia akiwa na saa ya mizunguko ya injini. Oili iwe ya moto na ya kutosha, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yawekewe vizuizi, asiwepo mtu mbele wala nyuma ya gari. Akanyage breki kwa nguvu, aweke D, akanyage mafuta, asome saa, aachie. Yote yasizidi sekunde tano, kwa sababu wakati huo nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya oili. Kisha aweke N na aiache injini iungurume taratibu dakika chache ili ipoe. Mizunguko ikiwa chini sana ya ile ya kiwandani na injini ni nzima, steta imekufa. Ikipanda kupita kiasi, klachi za ndani ya gia boksi zinateleza, na hapo torki konvata mpya haitamsaidia kitu.

Hata ile oili inayodondoka si lazima iwe imetoka kwenye torki konvata. Mara nyingi ni oili sili ya pampu ya mbele, kipira ambacho bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya torki konvata. Kukifikia ni lazima gia boksi ishushwe, ni kweli. Ikishashushwa, apitishe ukucha kwenye shingo ya torki konvata inayoingia kwenye pampu. Ukucha ukinasa kwenye mfereji uliochimbwa na sili, hapo kweli anahitaji nyingine.

Tuchukulie basi kwamba anahitaji nyingine. Ndipo tuzungumzie stoli.

Stoli ni mizunguko ya injini inayoweza kufikiwa wakati tabini imezuiwa isizunguke na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Injini inafika pale na haipandi tena, kwa sababu nguvu yake na upinzani wa oili vimelingana. Wengi hudhani torki konvata ya 3,500 haishiki kabisa mpaka 3,500 ifike. Inashika tangu chini, ila inashika kwa ulegevu, na ulegevu huo wote unalipiwa kwa joto.

Tena namba hiyo iliyoandikwa kwenye katoni haitoshi peke yake. Torki konvata ileile ikifungwa nyuma ya injini yenye torki (nguvu ya kuzungusha) kubwa zaidi, stoli yake inapanda, na inapanda kwa kipeuo cha pili cha torki, yaani kwa mzizi wake wa mraba. Mwaka 1970 kiwanda kiliitangaza 350 ya farasi 250 kuwa na torki ya paundi-futi 345, na 454 kuwa na 500. Torki imepanda kwa asilimia 45, lakini stoli itapanda kwa asilimia 20 hivi. Torki konvata inayotoa 2,000 nyuma ya 350 itatoa karibu 2,400 nyuma ya 454. Geuza hesabu hiyo: torki konvata iliyoandikwa 3,500 kwa kupimwa nyuma ya injini kubwa haitampa ndugu yetu 3,500. Itampa kama 2,900, na bado itakuwa legevu kupita mahitaji yake. Ndiyo maana muuzaji anayetaja stoli bila kuuliza injini gani, mimi simu yake naikata.

Sisemi stoli ya juu ni mbaya. Ina kazi yake. Mtu akibadilisha kamshafti akaweka ile inayoziacha vali wazi kwa muda mrefu, injini inakuwa dhaifu chini na kupata nguvu zake huko juu, kuanzia 2,500 au 3,000. Akiiacha torki konvata ya kiwandani, injini hiyo itatetemeka kwenye taa, itataka kuzima kila akiweka D, na itavuta kinyonge mpaka ifike kwenye mizunguko yake. Torki konvata legevu inairuhusu iruke mara moja mpaka mahali penye nguvu. Kwenye robo maili ya mashindano, kwa gari lenye kamshafti kali, difu ya 4.10 (propela shafti inayotoka gia boksi inazunguka mara 4.10 gurudumu likizunguka mara moja) na dereva anayeondoka amekanyaga mafuta mpaka mwisho, 3,500 au zaidi ni halali. Lakini 350 ya ndugu yetu, kwa maneno yake mwenyewe, kamshafti yake haijaguswa. Injini hiyo ina nguvu tangu chini. Mnamwambia aipite sehemu tamu ya injini yake kila anapoondoka.

Wahandisi wa General Motors walilijua tatizo hili mapema, na jibu lao mpaka leo linanipa heshima kwao. Kati ya 1964 na 1967 baadhi ya gia boksi za Buick na Oldsmobile ziliwekwa steta ambayo mapanga yake yanageuka. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, mapanga yanabadilisha pembe na stoli inapanda; ukitulia barabarani yanarudi na torki konvata inakaza. Walitengeneza torki konvata mbili ndani ya ganda moja, kwa sababu waliona hakuna stoli moja inayofaa kila hali. Kuanzia 1968 mpango huo uliachwa, na tangu hapo mnunuzi ni lazima achague.

Cha kuchagulia ni gari lenyewe: uzito wake, kamshafti yake, uwiano wa difu na ukubwa wa tairi. Hayo mawili ya mwisho yanakuambia injini itazunguka kiasi gani barabarani. Chukua mwendo kwa kilomita za saa, zidisha kwa uwiano wa difu, zidisha kwa 5.3, kisha gawa kwa kipenyo cha tairi kwa mita. Chevelle yenye tairi la inchi 27, yaani sentimita 68.6, na difu ya 2.73, ikienda kilomita 105 kwa saa injini inazunguka kama 2,200 tu, maana kwenye gia ya tatu Turbo-Hydramatic 350 inapitisha moja kwa moja. Gari hilohilo likiwa na difu ya 3.73 linazunguka zaidi ya 3,000. Tofauti ni kubwa, na ninyi hamkumwuliza difu yake ni ipi. Magari mengi ya mtaani ya wakati ule yalitoka kiwandani na difu ndefu, yaani ya namba ndogo, na Chevelle yenye 350 na otomatiki si ajabu ikawa na 2.73 au 3.08.

Lazima niwe mkweli kwenye hili, kwa sababu wapo wanaolikuza. Kuendesha chini ya namba ya stoli hakumaanishi torki konvata inateleza yote. Barabarani, mguu ukiwa mwepesi, gari linahitaji torki kidogo, na torki kidogo inapita bila mtelezo mkubwa. Tatizo ni kilima, upepo wa mbele, abiria wanne na mizigo kwenye buti, au foleni ya Houston mwezi wa Agosti. Kila mguu unapoongeza uzito, injini inapanda mbele na gari linabaki nyuma, na oili inachemka katikati. Mafundi wa gia boksi huku wana kanuni yao: oili ikizoea nyuzi 80 za Selsiasi inaishi muda mrefu, na kila nyuzi 11 zinazoongezeka juu ya hapo zinaukata uhai wake kwa nusu. Mimi gia boksi iliyochemka naijua kabla sijaifungua: naichovya dipustiki, naona oili imegeuka kahawia, nainusa, na harufu ya kuungua inaniambia klachi zimekwenda.

Kwa Chevelle hiyo, injini ikiwa ya kiwandani na difu ikiwa 2.73 au 3.08, mimi ningefunga ya stoli kati ya 1,800 na 2,200, yenye ubora, basi. Akitaka gari lichomoke kweli, pesa inayobaki aiweke kwenye difu. Kutoka 2.73 kwenda 3.42 kunaongeza nguvu kwenye matairi kwa robo nzima katika gia zote, bila nyuzi hata moja ya joto kwenye torki konvata. Na siku akibadilisha kamshafti, aniulize tena, kwa sababu hapo 2,400 au 2,800 inaweza kuwa sahihi.

Naomba nieleze gari moja lililopita mikononi mwetu, maana linaonyesha upande mwingine ambao jibu lenu halikuugusa kabisa.

Mteja wetu, dereva mstaafu wa basi la shule, ana Plymouth Duster ya 1970 aliyoachiwa na kaka yake. Kwenye karatasi ni Duster 340, gia boksi TorqueFlite 727, difu 3.23. Gereji nyingine ilikuwa imemfungia torki konvata mpya ya stoli ya juu, kwa hoja ileile mliyoitoa ninyi. Gari likaja kwetu likitetemeka mpaka kioo cha katikati hakionyeshi kitu. Walikuwa wameshambadilishia maunti za injini na maunti ya gia boksi, na walikuwa wanataka kubadilisha propela shafti. Nilimwomba aliache gari palepale nje, gia ikiwa P, nikaongeza mafuta taratibu. Mtetemo ukapanda pamoja na mizunguko ya injini, gari likiwa limesimama. Propela shafti ikawa haina kesi, kwa kuwa haikuwa inazunguka.

Kijana wa Bukavu akaingia chini na tochi, akasafisha ubavu wa bloku upande wa dereva, mahali Chrysler walipoandika ukubwa wa injini kwenye chuma chenyewe. Ilikuwa 360. Wakati fulani miaka ya nyuma kaka wa mteja, au mtu aliyemwuzia, aliing'oa 340 na kuweka 360, jambo la kawaida kwa magari hayo kwa sababu zinaingia bila vita kubwa. Lakini 340 ya 1970 ina kranki (shafti kuu ya injini) ya chuma kilichofuliwa, na mizani yake, yaani uzito wa kusawazisha mzunguko, yote iko ndani ya injini. 360 ina kranki ya kumimina, na sehemu ya mizani yake iko nje: mbele kwenye puli kubwa ya kranki, na nyuma kwenye torki konvata. Chrysler waliunga vipande vya chuma kwenye ganda la torki konvata ili kuikamilisha mizani hiyo. Torki konvata mpya ilinunuliwa kwa ajili ya 340, haikuwa na vipande. Injini ikabaki inajipiga yenyewe kila mzunguko, na beringi za kranki ndizo zinazopokea kipigo.

Namna ya kurekebisha ziko tatu: kununua torki konvata iliyowekewa mizani ya 360, kuunga vipande kwenye ile iliyopo kwa vipimo kamili, au kuweka fleksipleti, ile sahani nyembamba inayokaa mahali pa flaiwili, iliyokatwa kwa ajili ya 360 ili iibebe mizani yenyewe. Tulichukua fleksipleti. Na kwa kuwa gia boksi ilikuwa tayari chini, tuliiondoa ile torki konvata, tukaweka ya stoli ya 2,400 au hivi. Mwezi wa Agosti mzee aliendesha mpaka Michigan kwenye Woodward Dream Cruise, yale matembezi ya magari yaliyoanza mwaka 1995, kutoka Ferndale kuelekea Pontiac. Ni zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu, halafu foleni ya mwendo wa konokono juani. Aliporudi nilichovya dipustiki. Oili ilikuwa nyekundu kama tulivyoimimina.

Kwa ndugu yetu wa Houston hadithi hiyo inamhusu hivi. General Motors mizani ya nyuma waliiweka kwenye fleksipleti, si kwenye torki konvata. 350 yake ya 1970 mizani iko ndani. Lakini kama mtu alikwishaweka small-block (V8 ndogo ya Chevrolet) ya 400, inayofanana na 350 kwa macho, au kama siku moja atapata 454, zote mbili zina mizani ya nje na zinataka fleksipleti yake. Asome namba zilizomiminwa kwenye bloku nyuma ya injini kabla hajaagiza chochote. Karatasi za gari la miaka hamsini na zaidi zinaeleza lilivyozaliwa tu.

Apime pia duara la bolti. Torki konvata za Turbo-Hydramatic 350 na 400 zinakuja na duara la inchi 10.75 au 11.5, na fleksipleti nyingine zina matundu ya yote mawili, nyingine hazina. Kwa wenye TorqueFlite, idadi ya meno ya shafti na upana wa tundu la nyuma ya kranki vilibadilika ndani ya miaka ya sitini, kwa hiyo kuambiwa "ya 727" hakutoshi. Mwaka wa gia boksi na mwaka wa injini vyote vitajwe. Na wenye magari waliyowekewa gia boksi mpya zaidi, kama 700R4 ya General Motors, wajue torki konvata yake ina klachi ya kujifunga ndani inayohitaji kuamriwa kwa waya. Isipoamriwa haijifungi, na gia boksi hiyo inaungua kwenye safari ndefu.

Ubora nao uulizwe. Torki konvata nyingi za kiwandani mapanga yake yameshikizwa kwa kukunjwa tu kwenye matundu ya ganda. Kwa injini iliyoongezwa nguvu, itafutwe ambayo mapanga yameungwa kwa brazi ndani ya tanuri, na ambayo steta yake imekaa juu ya beringi za sindano badala ya washa (pete bapa). Anayeuza akishindwa kujibu maswali hayo mawili, anauza rangi iliyopuliziwa juu ya ganda.

Siku ya kufunga, haraka ndiyo inayovunja pampu. Torki konvata imiminiwe kama lita moja ya oili kwanza, halafu isukumwe huku ikizungushwa kwa mikono mpaka iingie yote: kwenye meno ya steta, kwenye ya shafti na kwenye pampu. Mkono unausikia kila mdondoko. Gia boksi ikishakazwa kwenye injini, kabla ya bolti za torki konvata, lazima ibaki nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati yake na fleksipleti, nayo izunguke kwa vidole. Ikiwa imebanwa, haijaingia kwenye pampu. Anayeikaza kwa bolti ili iingie kwa nguvu atavunja gia ya pampu siku ileile atakapowasha injini. Kijana wa Mombasa hataruhusiwa kuwasha gari lolote kwetu kabla sijaiona nafasi hiyo kwa macho yangu, na yeye anajua kwa nini.

Mwisho wa kufunga ni kipoza oili. Mabaki ya chuma kutoka kwenye torki konvata iliyokufa hulala ndani ya mabomba na kwenye kipoza kilichomo ndani ya rejeta. Yasiposafishwa yanarudi moja kwa moja kwenye pampu mpya. Mabomba yasukumwe dawa na upepo mpaka yatoke safi, na kwa joto la Texas ningeongeza kipoza cha pembeni mbele ya rejeta hata kwa stoli ya 2,000.

Ninaloomba kwenu ni dogo. Chapisheni kwamba lile jibu lilikuwa la gari la mashindano, na msomaji akiuliza tena kuhusu torki konvata, mwulizeni kwanza injini, kamshafti, difu, tairi na matumizi ya gari.

Ndugu yetu wa Houston aanze na difu, maana hiyo anaweza kuijua leo jioni bila kununua kitu. Gia iwe N, magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi, gurudumu moja la nyuma liinuliwe kwa jeki na ekseli ikalishwe kwenye stendi. Aweke alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela shafti. Alizungushe gurudumu lililoinuliwa mara mbili kamili huku mwenzake akihesabu mizunguko ya propela shafti. Ikizunguka mara mbili na karibu robo tatu, difu ni 2.73, ikipita tatu kidogo sana, ni 3.08, mara tatu na karibu robo tatu, 3.73. Gurudumu likigoma kuzunguka huku la pili likiwa chini, difu yake ni ile inayofunga magurudumu pamoja: basi ayainue yote mawili na kuyazungusha mara moja tu. Aniletee hesabu hiyo kupitia kwenu, pamoja na kipenyo cha tairi, namba za nyuma ya bloku na mizunguko aliyoisoma kwenye kipimo cha sekunde tano, nami nitamwandikia ni torki konvata gani aagize.

Fundi wa gia boksi,
Columbus, Ohio
(jina na anwani ninawaachia ninyi)